Tanga, Taveta au Rufiji: ukitaka kutembezwa kwenye viwanja vya vita vya 1914, uchague ipi?

Swali huja hivi: "Nina siku tatu, nataka kuona pale Wajerumani na Waingereza walipopigana. Niende wapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mwalimu wa historia anayetafuta pa kuwapeleka wanafunzi wake, au ndugu aliyekuja likizo kutoka Muscat au Toronto na ameshachoka na ufukwe. Jibu langu hufuata mfuko wake na miguu yake. Lakini kabla ya yote humuuliza: unataka kusikia habari ya vita, au unataka kuiona ardhi yenyewe? Kuna mahali hadithi ni tamu na ardhi imefunikwa na nyumba. Kuna mahali ardhi iko vilevile kama ilivyoachwa, ila ukikosa mtu wa kukuonyesha utadhani ni pori tu.

Hapa nalinganisha sehemu tatu za Vita vya Kwanza vya Dunia ambazo waandaaji wa ziara huziuza zaidi: mji wa Tanga, barabara ya Voi hadi Taveta upande wa Kenya, na bonde la Rufiji. Viko viwanja vingine. Mahiwa, bara ya Lindi, ndiko kulikopiganwa vita vikali kuliko vyote vya kampeni hii, Oktoba 1917, lakini hakuna ziara ya kueleweka huko, ukienda unajiendea. Mbala nchini Zambia ndiko jeshi la Wajerumani liliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, na ni mbali na kila kitu. Naziacha hizo. Na niungame mapema: mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo ukiona mzani unalalia nyumbani, usinisamehe.

Tanga: hadithi tamu, mji juu yake

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, ilitokea mbele ya mji na nahodha wake akadai mji usalimishwe. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani akaomba muda awaulize wakubwa zake. Muda huo ukatosha kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Jenerali Arthur Aitken alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao wa vikosi vya India waliotoka kuchoshwa na safari ndefu ya bahari. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na elfu moja hivi. Waingereza wakashuka Ras Kasone, wakasonga kupitia mashamba na vichaka kuelekea mjini, wakapokewa kwenye mkato wa reli.

Halafu nyuki. Kiswahili kina mzinga wa baruti na mzinga wa nyuki, na siku ya tarehe 4 yote miwili ilifanya kazi. Mizinga iliyotundikwa mitini ilivurugwa na risasi, nyuki wakatoka na hasira zao, wakauma bila kubagua nani wa Kaiser na nani wa Mfalme. Baadaye wapo Waingereza waliodai kwamba Wajerumani waliwatega nyuki makusudi. Rahisi kumlaumu mdudu kuliko jenerali. Tarehe 5 jeshi lilikwisharudi melini, likiacha nyuma bombomu, mamia ya bunduki na risasi kama nusu milioni, ambazo Lettow alizitumia dhidi yao hao hao kwa muda mrefu. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Wale walikaa siku tatu.

Sasa, unaona nini? Raskazone ya leo ni nyumba, hoteli, klabu za kuogelea na miti mikubwa ya kivuli. Hakuna handaki. Mwongozaji mzuri atakuanzisha pale ufukweni, akupitishe kwa miguu mpaka upande wa reli na stesheni, na kwa kuwa mwendo ni wa saa moja na ushee, unapata kitu ambacho ramani haikupi: unaelewa jinsi umbali ulivyokuwa mdogo na jinsi mtu asiyejua mji angepotea ndani yake. Boma la zamani la Wajerumani sasa ni makumbusho yanayoendeshwa na Urithi Tanga, na yana picha za kutosha kumfanya mwanafunzi aache simu kidogo. Kisha yako makaburi. Kwenye makaburi ya kumbukumbu ya Jumuiya ya Madola wamo waliokufa hapa na wengine waliokufa Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, Januari 1915.

Mwulize mwongozaji wako habari za Tom von Prince, nahodha aliyekufa katika mapigano haya. Wahehe walimjua miaka mingi kabla, kwa jina la Bwana Sakarani, kwa kuwa ndiye aliyemsaka Mkwawa. Mwongozaji anayekuunganishia Kalenga, ngome ya Mkwawa, na Tanga namna hiyo, mlipe vizuri. Anayekuishia kwenye nyuki, mpe yake na uende zako.

Kasoro ya Tanga ni kwamba kwa mchana mmoja umemaliza. Faida yake ni hiyo hiyo: basi kutoka Dar es Salaam au Mombasa, bajaji mjini, hakuna kiingilio cha hifadhi, na jioni unakula samaki forodhani. Kwa shule haina mpinzani.

Voi hadi Taveta: ardhi ndiyo kitabu

Hapa ndipo ninapoishiwa na upendeleo wa nyumbani. Kama unataka kusimama mahali na kuona kwa macho yako kwa nini watu walikufa pale na si mita mia mbili pembeni, hakuna pa kushindana na Taita-Taveta.

Sababu ni ukame. Udongo mkavu na vichaka vya miba havikuvutia mji kukua juu ya mahandaki, kwa hiyo mengi bado yapo: mitaro iliyojaa nusu, kuta za mawe zilizopangwa kwa mikono, mabaki ya kambi, maganda ya risasi yenye kutu. Wajerumani waliiteka Taveta katikati ya Agosti 1914, vita vikiwa na siku chache tu, wakaikalia mpaka Machi 1916. Kwa mwaka mmoja na nusu mpaka ule ulikuwa mstari wa vita, na lengo la Wajerumani lilikuwa reli ya Uganda, waliyokuwa wakiitega baruti usiku. Waingereza nao wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuja magharibi ili wapate maji, chakula na mizinga karibu na adui. Ziara nzuri hufuata reli hiyo, kituo kwa kituo, na ndiyo maana haichanganyi: unasafiri kama jeshi lilivyosafiri.

Unaanzia makaburi ya Voi. Humo yumo Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alijeruhiwa mguu, akabebwa, kisha akaomba aachwe abaki na majeruhi wasioweza kutembea, akitumaini kuwaokoa. Alipewa Nishani ya Victoria baada ya kufa. Kumbuka kikosi chake, cha 25 cha Royal Fusiliers, maana tutakutana nacho tena Rufiji. Kisha Maktau, palipokuwa na kambi kubwa na ambapo wamelala askari wa Kihindi. Kisha Mbuyuni. Kisha kilima chenyewe, Salaita.

Salaita ni kichuguu tu, unaweza kukipita kwenye lami bila kugeuza shingo. Tarehe 12 Februari 1916 vikosi vya Waingereza, watu wapatao 6,000, vilikishambulia. Mbele walikuwemo Waafrika Kusini weupe waliokuwa ndio kwanza wamefika, wakiwa na uhakika kwamba askari weusi wangekimbia. Mizinga ikapiga kilele cha kilima asubuhi nzima. Panda juu na mwongozaji wako, kisha mwombe akuteremshe mpaka chini, akuonyeshe mitaro ilikokuwa: kwenye kitako cha kilima, ndani ya vichaka. Walikuwa wakipiga mahali pasipo na mtu. Waafrika Kusini walipokaribia, askari wa Lettow wakawamiminia risasi kisha wakawarudisha mbio, na zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliowaokoa ni Wabaluchi wa kikosi cha 130, Wahindi ambao jana yake walikuwa wakiitwa makuli. Husimuliwa kwamba bombomu iliyotupwa na Waafrika Kusini waliokimbia ilirudishwa na Wabaluchi pamoja na salamu: tafadhalini, msituite tena hivyo.

Hadithi nzima hiyo unaielewa kwa kutembea dakika kumi kutoka kileleni hadi kitakoni. Hakuna filamu inayoweza kufanya hivyo.

Tahadhari mbili za Salaita. Utaambiwa jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kuchinja. Linapendeza, lakini jina hilo limo katika maagizo ya kijeshi yaliyoandikwa kabla watu hawajachinjana, kwa hiyo lisikie, ucheke, usilipeleke darasani. Utaonyeshwa pia mbuyu wenye matundu, na kusimuliwa habari ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani akidungua maadui. Mbuyu upo na ni wa kupigia picha. Yule mama, mimi sijamkuta kwenye maandishi yoyote niliyosoma.

Taveta yenyewe ina makaburi ya kijeshi yaliyotunzwa vizuri, na nyuma yake vilima vya Latema na Reata, ambako mapigano ya Machi 11 na 12, 1916 yaliwafungulia Waingereza, sasa chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, njia ya kuelekea Moshi. Kupanda Latema kunataka viatu na maji. Si kwa wazee wala kwa watoto wadogo.

Kuna sehemu ambayo ziara nyingi huiruka, na mimi naitumia kama kipimo. Kusini ya Voi uko mlima Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu Wakasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakachoma makazi yao, wakawahamishia Malindi, kwenye joto na homa wasizozizoea. Wengi walikufa. Hawakurudishwa kwao mpaka miaka ya 1930. Mwulize mwongozaji kabla hujalipa: "Na Kasigau je?" Akijibu kwa dakika tano, umepata mtu. Akisema hiyo haimo kwenye ratiba, tafuta mwingine, au walau punguza bei.

Kufika ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Treni ya SGR inasimama Voi, na kutoka hapo ni lami mpaka Taveta, kilomita mia na kitu. Hoteli ya Taita Hills ina chumba kidogo cha makumbusho ya vita hivi na huwapeleka wageni wake viwanjani, jambo zuri kwa mwenye uwezo. Mwenye mfuko mwembamba alale Voi au Taveta mjini na akodi gari na mtu wa pale pale. Usiende peke yako vichakani. Mahandaki mengine yamo katika mashamba na hifadhi za wenyeji, ruhusa huombwa. Na ndovu wa Tsavo hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Ukiona ganda la risasi, liache. Ukiona kitu kikubwa cha chuma chenye ncha, ondoka kabisa.

Rufiji: unanunua wanyama, vita ni nyongeza

Nisieleweke vibaya, habari ya Rufiji ni kubwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamisha HMS Pegasus mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya delta. Iliwachukua Waingereza mpaka Julai 1915 kuimaliza, kwa meli za mizinga zenye kina kifupi na ndege zilizokuwa zikiruka kutoka Mafia. Mabaharia wake wakaopoa mizinga kumi, wakaikokota mpaka nchi kavu, ikapiganishwa tena kama mizinga ya jeshi.

Ila leo meli ile imemezwa na tope. Mashua itakuzungusha katika mikoko mizuri mno, utaona ndege na wavuvi, na mwenye mashua atakuonyesha maji na kukwambia: ni hapo. Ukitaka kushika chuma cha Königsberg kwa mkono wako, nenda Fort Jesus, Mombasa. Mzinga wake mmoja uko huko.

Upande wa bara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kuna Beho Beho, alikouawa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65, nahodha katika kikosi kile kile cha 25 cha Royal Fusiliers. Kaburi lake liko pale pale alipoangukia, na hifadhi nzima iliitwa kwa jina lake mpaka ilipogawanywa mwaka 2019 na sehemu kubwa kupewa jina la Mwalimu. Pana utulivu wa ajabu. Lakini ni kaburi moja, na uwanja unaolizunguka hauna mtu wa kukusomea. Niliwahi kununua kile kilichoitwa "ziara ya vita ya Rufiji" kutoka kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Siku tatu, simba mara mbili, mbwa mwitu mara moja, vita dakika kumi na tano. Dereva alikuwa hodari wa nyayo za wanyama na alikuwa mkweli: "Kaka, mimi hapa huwa nawaacha wageni wapige picha."

Kwa hiyo kama unaenda Nyerere kwa ajili ya wanyama, omba Beho Beho iongezwe, na uombe kwa maandishi, kwa sababu iko ndani sana na dereva anayebana mafuta ataikwepa. Kama unaenda kwa ajili ya vita tu, utalipa kiingilio cha hifadhi kwa kila siku, gari la kupanda mlima au ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, na malazi ambayo kwa wageni yanahesabiwa kwa dola. Masika kambi nyingi hufungwa. Mbung'o hawafungi.

Mtu anayekuongoza ni nusu ya ziara

Kwa watu wetu lipo swali moja la kumpima mwongozaji popote pale, na halihusu majenerali: wapagazi walikuwa nani? Vita hivi vilibebwa kichwani. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa watu zaidi ya nusu milioni, wengi kwa nguvu, kubeba unga, risasi na majeruhi, na karibu laki moja walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la jeshi lao. Kwenye makaburi utakayotembezwa hutaliona jina la hata mmoja kati ya mia. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawa hawakukumbukwa sawa na wengine.

Kwa kipimo hicho, Taveta na Tanga hupishana kidogo. Tanga ina wasimulizi wazuri wa mjini, wenye Kiswahili kitamu, ambao wamesikia mambo kwa babu zao. Taveta ina wanaoijua ardhi jiwe kwa jiwe, ila baadhi yao wamezoea kuongoza wageni kutoka Uingereza na Afrika Kusini wanaotafuta kaburi la babu, na simulizi yao imeegemea huko. Waambie mapema unataka nini na kwa lugha gani. Mtu anayesimulia kwa Kiingereza kila siku, ukimwomba Kiswahili, mara nyingi hutoa mambo ambayo hajawahi kuwaambia wageni. Zile ziara za wiki mbili zinazouzwa Ulaya, zenye mwanahistoria wao ndani ya gari, zina elimu nyingi. Bei yake ni ya kununua pikipiki.

Ningechagua hivi. Una siku moja au una darasa la wanafunzi: Tanga, bila kufikiri mara mbili. Una siku mbili au tatu na unaweza kutembea juani: Voi hadi Taveta, na uende miezi ya kiangazi, Agosti mpaka Oktoba au Februari, vichaka vikiwa vimepukutisha majani na mitaro inaonekana. Umeshaona hizo mbili na una pesa ya hifadhi: Rufiji.

Mwenye siku nne afanye hili, ambalo ndilo nililolipenda kuliko yote. Alale Voi, amalize Maktau na Salaita, alale Taveta, apande Latema alfajiri kabla ya jua, kisha avuke mpaka wa Holili mchana aingie Moshi. Huko achukue basi la kushuka Tanga, kwa njia inayofuatana na reli ile ile iliyowaleta askari wa Lettow Novemba 1914. Atakuwa amekwenda kinyume na tarehe, 1916 kwanza na 1914 mwisho, lakini dirisha la basi upande wa kushoto litamwonyesha milima ya Upare na Usambara njia nzima. Hati ya kusafiria mkononi, na kadi ya homa ya manjano. Pale Holili huwa wanaiuliza siku ile ambayo umeisahau.